Shingo ya usukani wa baiskeli ya kukunja inazama yenyewe, mafundi nisaidieni

MpandaPantoni (Kigamboni)

Habari zenu wakuu. Nina baiskeli ya kukunja, mtumba wa Japani, tairi za inchi 20. Jina la kampuni limekwanguka kwenye fremu, zimebaki herufi mbili ambazo hazisomeki neno lolote. Niliinunua kwa safari moja tu: nyumbani hadi kwenye pantoni, navuka hadi upande wa Magogoni, naikunjua, napanda mpaka ofisini Posta. Ikiwa imekunjwa inakaa kati ya miguu yangu, na watu wananiacha kwa amani.

Tatizo ni shingo, yaani lile bomba refu linalotoka juu ya foku, ule uma unaoshika tairi la mbele, na kubeba usukani. Naivuta mpaka kwenye urefu wangu, nafunga kile kimkono cha kubania, naondoka. Nikikutana na matuta, au nikishika breki ya mbele huku nimelalia mikono, inazama. Haishuki kwa kishindo, inakwenda kidogo kidogo, na nikikaribia kivuko magoti yanagusa breki. Wiki hii limezuka la pili: tairi limenyooka mbele, usukani umeelekea kushoto. Nikiunyoosha kwa kubana tairi katikati ya magoti unarudi sawa, kisha kona mbili tatu mbele umekwenda tena.

Nimeshaipeleka kwa fundi wa mtaani. Aliifungua yote, akaiosha na petroli, akapaka oili kila sehemu, akakaza. Siku hiyo hiyo ikazama kuliko mwanzo. Nilipomrudia akaniambia nipeleke ikachomelewe ibaki juu moja kwa moja. Mwingine anataka kutoboa tundu apitishe bolti. Mimi sitaki lolote kati ya hayo, kwa sababu bila kuishusha kwanza haikunjiki vizuri, usukani unagota chini.

Vitu nilivyoviona mwenyewe: bomba la ndani lina mfereji mmoja umechongwa wima kwa nyuma. Pale juu ya bomba la nje kuna pete yenye kimkono. Bolti ya kimkono nimeikaza mpaka sasa nakifunga kwa kukisukuma na kisigino cha kiatu. Uzito wangu ni kilo 74, kama una maana kwenu.

Je, nibadilishe shingo nzima au kuna dawa?

---

Kapeto (Mbagala)

Uza, nunua bodaboda. Kesi imefungwa.

---

MpandaPantoni

Bodaboda inakunjika, kaka?

---

Mkebe_Kisauni (Mombasa)

Dadangu, hiyo ni kazi ya mkebe wa soda, usitoe hata pesa. Yangu ilikuwa na ugonjwa huo huo. Nilikata mkebe kwa mkasi, nikapata ukanda mwembamba, nikauzungusha kwenye bomba la ndani pale linapoingia, nikarudisha, nikafunga. Halafu juu ya pete nikatia ile klipu ya chuma inayobana paipu ya maji, ile ya kukazwa na bisibisi, ikawa kama kizuizi. Sasa hata ikitaka kushuka inagota kwenye klipu. Ukitaka kukunja, legeza klipu kwa bisibisi.

Fundi aliyekwambia uchomelee usimrudie.

---

FundiSpoku (Tanga)

Pole dada. Natengeneza baiskeli Tanga, mji ambao mtu anaenda sokoni, shambani na harusini kwa baiskeli, kwa hiyo shingo zinazoteleza nimeziona za kila kabila. Kabla hujamsikiliza mtu yeyote, mimi nikiwemo, jua kwanza kinachoteleza ni kipi.

Shingo ya baiskeli ya kukunja ina maungio manne. Chini kabisa inaingia ndani ya bomba la foku na kushikwa na kabari inayovutwa na bolti ndefu. Juu yake kuna bawaba ya kukunjia. Juu ya bawaba kuna hiyo pete yenye kimkono, inayoshika bomba la ndani linalopanda na kushuka. Kileleni kuna kibano kinachoushika usukani wenyewe. Kila ungio lina tabia yake. Likilegea la pete, shingo inazama. Likilegea la kabari, usukani unakwenda upande wakati tairi limenyooka. Likilegea la kileleni, usukani unajiviringisha na breki zinatazama chini. Bawaba ikipwaya unasikia mgongo wa shingo unakwenda mbele na nyuma, unagonga. Mafundi wengi wanakaza yote manne kwa mkupuo mmoja kisha wanasubiri bahati.

Umesema bomba lako la ndani lina mfereji wima. Umeniokolea maswali mengi kwa kuutazama. Ndani ya bomba la nje kuna kijino kinachotembea kwenye mfereji huo, na kazi yake ni kuzuia bomba lisizunguke. Kijino kikiwa kizima, usukani wako hauwezi kwenda kushoto kwa sababu ya pete. Unakwenda kwa sababu ya kabari. Kwa hiyo dada una magonjwa mawili, na ukitibu moja utadhani dawa imeshindwa.

Ili usiniamini kwa maneno, chukua kalamu ya wino usiofutika. Chora mstari mmoja wa mshazari, usiwe wima, unaoanzia kwenye bomba la ndani ukavuka pete hadi bomba la nje. Chora mwingine kutoka mguu wa shingo, pale chini ya bawaba, ushuke hadi kwenye nati kubwa iliyokaa juu ya gololi za foku. Nati hiyo inazunguka pamoja na foku, kwa hiyo shingo ikihama peke yake mstari utakatika. Panda kama kawaida yako, nenda kazini urudi. Mstari uliokatika ndio wenye kesi.

Sasa pete. Oili ya fundi wako ndiyo iliyokuzamisha siku ile. Kijino kinazuia kuzunguka tu; cha kuzuia kushuka hakuna, si meno wala pini, bomba linashikwa kwa msuguano tu. Ukipaka oili umeondoa kitu pekee kinacholishika. Hata ile petroli yake, kama ni ya kwenye kopo lililooshea minyororo ya wateja wengine, imelipaka bomba grisi upya. Fungua kimkono, vuta bomba la ndani mpaka litoke. Nenda taratibu na waya za breki, usizikunje kwa nguvu. Nunua spiriti duka la dawa, ile ya kusafishia vidonda, na vitambaa vyeupe. Futa bomba la ndani. Zungushia kitambaa kwenye kijiti, ingiza bomba la nje, zungusha. Humo ndani utakuta kipande cha plastiki kilichozunguka mdomo wa bomba, kitoe kikitoka, kifute pande zote. Rudia mpaka kitambaa kinaingia cheupe na kutoka cheupe. Watu wanaacha kikiwa cha kijivu, halafu wananiambia spiriti haifanyi kazi.

Baada ya hapo tazama juani. Plastiki ikiwa inang'aa, iguse kwa msasa laini, namba 400 au zaidi, kwa kuzungusha, usisugue kwa kupanda na kushuka. Guse tu, usiile.

Kisha jambo ambalo karibu kila mtu analiruka. Pete ina mpasuko, uite mdomo. Ukifunga kimkono mdomo unasogeana na pete inabana bomba. Fanya hivi: funga kimkono kabisa, halafu jaribu kupitisha kadi ya benki kwenye mdomo. Ikipita, pete bado ina nafasi ya kubana. Isipopita, midomo miwili imeshagusana, na hapo ukaze kwa mkono, kwa kisigino au kwa nyundo, unabana chuma kwa chuma, bomba halisikii kitu.

Wewe kutumia kisigino kunanitia shaka hiyo hiyo. Kimkono kilicho sawa kinaanza kuleta ukinzani kikiwa katikati ya safari yake, na unakimalizia kwa kiganja, kikaacha alama kwenye ngozi kwa muda. Kikifungwa kwa kidole ni kilegevu. Kikidai kiatu kimezidishwa: bolti yake inavutika, na ile washa ya plastiki iliyo chini ya kimkono inapondeka, halafu siku moja kinafunguka chenyewe. Kirekebishe kikiwa wazi, nati ya upande wa pili robo mzunguko kwa wakati, unajaribu, unaongeza. Oili unaruhusiwa tone moja kwenye kipini ambacho kimkono kinazungukia, ukafuta linalobaki. Ikiingia kwenye bomba, unaanza upya na spiriti.

Kuchomelea na kutoboa. Chukua sumaku ya spika mbovu, gusisha kwenye shingo. Isiponasa, ni aluminiamu, na hivyo ndivyo zilivyo nyingi. Fundi wa kuchomelea mageti hana mashine ya kuchomea aluminiamu. Inataka gesi ya agoni na mkono uliozoea. Na hata akiwa nayo, aluminiamu ya baiskeli imepewa ugumu wake kiwandani kwa moto uliopimwa. Ukiipasha tena pembeni ya mshono inalainika. Itashika vizuri, watakusifia, halafu itapasuka sentimita moja chini ya mshono ukiwa kwenye mteremko. Tundu nalo linatobolewa pale pale ambapo shingo inapinda zaidi kila unapovuta usukani. Ufa wa aluminiamu unapenda ukingo wa tundu. Bolti itabaki salama mkononi mwako pamoja na usukani.

Mkebe_Kisauni, kaka yangu, sikatai mkebe. Lakini mkebe ni dawa ya mdomo uliogusana. Ukiutia kwenye bomba lenye oili, umeongeza kitu kingine cha kuteleza. Asafishe kwanza, apime kwa kadi, ndipo tuongee mkebe.

Na jambo la mwisho kabla sijarudi kazini, kuna mteja ananiangalia: ukivuta bomba la ndani utaona alama ya vistari na maandishi ya kima cha chini. Alama hiyo isionekane nje ukiwa umepanda. Ikionekana, bomba lililobaki ndani ni fupi mno, pete inabeba nguvu isiyo yake, na hakuna kusafisha kutakakosaidia.

---

MpandaPantoni

Fundi, asante sana. Nimefanya yote isipokuwa msasa.

Mistari imekatika yote miwili! Ule wa pete umepishana kwa upana wa kidole. Ule wa chini umehama kushoto, kidogo lakini waziwazi. Sumaku haikunasa. Alama ya vistari iko ndani, haionekani.

Spiriti imetoa uchafu ambao sikuutegemea, vitambaa vya mwanzo vilitoka vyeusi tii. Nilipomaliza nikarudisha, nikafunga, nikaning'inia kwenye usukani kwa uzito wote. Safari ya kwanza haikuzama. Nikafurahi. Jioni kwenye matuta ya kwetu ikaanza tena, ila polepole kuliko zamani.

Kadi: HAIPITI. Hata karatasi ya risiti haipiti. Midomo imegusana kabisa.

Halafu swali la pili. Hiyo kabari nitaifikiaje? Juu ya shingo sioni bolti yoyote.

---

Mkebe_Kisauni

Mkebe umeitwa mahakamani 😂

---

FundiSpoku

Umeitwa na umeshinda, kwa baiskeli hii. Midomo ikigusana maana yake kile kipande cha plastiki kimekwisha unene, au pete imevutika. Dawa ya kweli ni kipande kipya cha vipimo vile vile, na kwa baiskeli isiyo na jina kukipata ni kama kutafuta mwenye funguo iliyookotwa stendi. Kwa hiyo mkebe.

Ila usiuweke alikouweka kaka. Ukiuzungushia bomba la ndani, utalikwangua kila unapolipandisha na kulishusha, na wewe unalishusha kila siku kwenye pantoni. Uweke nje ya plastiki, yaani kati ya plastiki na bomba la nje. Hapo hausogei. Ukuta wa mkebe wa soda una unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, na ukizunguka duara unaongeza pande zote mbili, yaani karibu sehemu mbili za kumi kwenye kipenyo. Ni kidogo, lakini mdomo wa pete utafunguka kuliko unavyodhani. Pima urefu wa ukanda ili ncha zisipandane. Zikipandana zinatengeneza nundu, na pete itabana nundu tu. Acha nafasi mbele ya kijino, usikizibe. Kata ukanda uwe mpana kidogo kuliko plastiki, mwisho wa juu uupinde nje juu ya ukingo wa bomba, usije ukanyonywa ndani. Kingo za mkebe zinakata vidole, zipitishe msasa.

Kisha rudisha kadi. Ikipita, legeza nati ya kimkono uanze kurekebisha upya, maana mwanzo uliikaza kwa ajili ya mdomo uliofungwa. Kisigino hutakihitaji. Isipopita hata kwa ukanda mmoja, usitie wa pili wala wa tatu. Pete imekwisha. Pima kipenyo cha nje cha bomba pale inapokaa, kwa kalipa (kile kipimo cha kubania), ukatafute pete ya siti yenye kipenyo hicho, ya kukazwa kwa alenki, yaani ule ufunguo wa pembe sita. Haina kimkono, utatembea na alenki mfukoni, lakini inabana kuliko kimkono chochote.

Kabari. Bolti yake unaiona baiskeli ikiwa nusu ya kukunjwa. Fungua bawaba ya shingo, laza shingo pembeni, chungulia ndani ya mguu uliobaki umesimama juu ya foku. Chini humo kuna kichwa cha bolti, mara nyingi cha alenki namba 6. Piga tochi ya simu kwanza, kikiwa kimejaa mchanga kichokonoe mpaka kiwe safi, alenki ikiingia nusu itakula pembe za kichwa na hapo ndipo utakapojua gharama.

Legeza mizunguko mitatu minne, usiitoe yote. Bolti itainuka lakini kabari imebaki imekwama chini. Weka kipande cha ubao juu ya kichwa cha bolti, kigonge kwa nyundo mara moja, kwa kukata shauri. Utasikia kabari imeachia. Sasa vuta shingo huku unaizungusha. Itoe, ifute, angalia kabari kama ina ufa. Kwa baiskeli inayovuka maji ya chumvi kila siku usishangae ukikuta unga mweupe: aluminiamu ndani ya bomba la chuma pamoja na chumvi, zinakulana. Kwangua, futa, paka grisi nyembamba kwenye nyuzi za bolti, kwenye uso wa kabari pale inapoteleza, na utando mwembamba kabisa kwa nje. Rudisha. Hapa pia kuna alama ya kima cha chini. Kiwango cha kimataifa cha baiskeli, ISO 4210, kinataka kina cha alama hiyo kisipungue mara mbili na nusu ya kipenyo cha mguu wa shingo. Mguu ukiwa wa milimita 22.2, kwa mfano, zaidi ya sentimita 5 na nusu lazima zizame ndani. Nyoosha usukani na tairi, kaza.

Mtihani: simama mbele, bana tairi kwa magoti, zungusha usukani kwa nguvu ya mtu aliyekasirika kiasi. Usizidishe hasira, kitu chochote kinahama ukikilazimisha sana.

---

Mhasibu_Moro (Morogoro)

Samahani fundi, mimi si mtaalamu ila nimechanganyikiwa. Kule juu umemkataza oili kabisa, umemtoa jasho na spiriti. Huku chini unampa grisi. Vyote viwili vinashika kwa msuguano. Imekuwaje?

---

FundiSpoku

Swali zuri, na ndilo linalowachanganya hata mafundi, wanapaka kote au wanakausha kote.

Juu, nguvu ya kubana inatoka kwenye kiganja cha dada na kimkono kidogo. Ni nguvu haba, kwa hiyo kila chembe ya msuguano inahitajika na bomba liwe kavu. Chini, nguvu inatoka kwenye bolti inayokazwa kwa alenki, na inapanua kabari dhidi ya ukuta wa foku. Bolti ikiwa kavu na kutu, nusu ya jasho lako linaishia kwenye nyuzi. Unahisi imekaza, kumbe kabari haijapanda. Grisi kwenye nyuzi inaifanya jasho lote lifike kwenye kabari. Utando ule wa nje ni wa kuzuia chumvi isilile bomba, na mgandamizo wa kabari ni mkubwa kiasi kwamba unaukamua wote pembeni.

Ukitaka kukumbuka: ukungu wa grisi, si mkate na siagi. Fundi akichota kwa kidole kizima, mnyang'anye kopo.

---

Bwana_Tramu (Utrecht)

Salamu kutoka Uholanzi. Huku baiskeli iliyokunjwa inapanda treni bure kama mzigo wa mkononi, ile isiyokunjwa inalipiwa tiketi yake, kwa hiyo asubuhi behewa zima ni shingo za usukani. Shida ya kuzama ipo hata huku.

Naongeza mawili. La kwanza, maduka ya baiskeli huku yanauza krimu ya msuguano, iliyotengenezwa kwa ajili ya vifaa vya kaboni. Ina chembe ndogo ngumu ndani yake, ukiipaka bomba linashika bila kukaza sana. Inafanya kazi kwenye aluminiamu pia. Kitubu kidogo kinatosha muda mrefu. Kama una ndugu anakuja Dar, mwagize, hakijazi begi. Lakini uipake baada ya kusafisha, na ujue itaacha mikwaruzo midogo kwenye bomba, kwa mtu anayeshusha kila siku hiyo si kitu kizuri sana. Mimi ningeitumia kwenye bomba la siti kwanza.

La pili ni la kununua, kwa wanaofikiria baiskeli kama hii. Brompton ya Uingereza shingo yake haina sehemu ya kupandisha na kushusha. Bomba ni moja, lina bawaba tu. Ugonjwa wa kuzama haupo kwa sababu hakuna cha kuzama. Bei yake ni kilio, sisemi uinunue, ila ukiwa sokoni kwa mtumba na ukapata yenye shingo ya bomba moja inayokufaa urefu, ichukue uache ile ya kuvuta.

Na dada, kama unaning'iniza mkoba wa ofisi kwenye usukani, acha. Laptopu inayobembea inaivuta kabari kushoto na kulia njia nzima.

---

MpandaPantoni

Kaka wa Utrecht umenijuaje? Mkoba upo, na unaning'inia kushoto. Kuanzia leo unahamia kwenye kerieri.

Ripoti. Mkebe: nilikata wa kwanza ukawa mfupi, wa pili ukakaa. Kadi sasa inapita na nafasi inabaki. Kimkono nakifunga kwa kiganja na alama inabaki kama alivyosema fundi. Matuta yote ya kwetu nimeyapita, mstari wa wino haujakatika.

Kabari ilinitesa. Bolti ilikuwa na mchanga wa baharini mpaka juu. Nilipogonga mara ya kwanza haikutoka, nikamwita jirani yangu fundi seremala na nyundo yake ya mti, akagonga mara moja ikaachia, na shingo ikatoka na ule unga mweupe uliousema, mwingi. Nimekwangua, nimepaka ukungu, nimerudisha. Usukani sasa ni mgumu, nikibana tairi kwa magoti hauendi popote.

Limebaki moja. Nikishika breki ya mbele nikiwa nimesimama na kuisukuma baiskeli mbele na nyuma, kuna kitu kinagonga "tok" kidogo. Zamani sikukisikia kwa sababu kila kitu kilikuwa kinacheza.

---

FundiSpoku

Weka vidole viwili kwenye bawaba ya shingo, nusu juu nusu chini ya mpasuko, shika breki, sukuma tena. Ukihisi pande mbili zinapishana vidoleni, ni bawaba. Usipohisi, hamisha vidole kwenye nati kubwa juu ya gololi. Kikigonga hapo, gololi zimelegea, na hiyo inawezekana sana, kwa sababu ulipotoa na kurudisha shingo huenda uliisogeza nati ile.

Gololi ni spana mbili: moja inashika kikombe kilicho chini ya nati hiyo, nyingine inakaza nati yenyewe. Kaza mpaka ile tok iishe, lakini foku ibaki inageuka kwa wepesi ukiinua mbele. Ikigeuka kwa kukwaruza au kunata katikati, umekaza mno, rudisha kidogo.

Bawaba ni kazi ya makini zaidi. Komeo lake huwa na bolti ndogo ya kurekebishia, au kijinati. Robo mzunguko, jaribu. Komeo lifunge kwa ukinzani wa kueleweka na kile kishikizo cha usalama kijifunge chenyewe. Na ukiwa hapo, futa vumbi lote kuzunguka mshono wa bawaba, angalia kwa tochi. Mstari mwembamba mweusi usiofutika kwa spiriti ni ufa. Ukiuona, usipande hata hadi kivukoni, isukume.

---

MpandaPantoni

Ni gololi. Nimekopa spana kwa seremala huyo huyo, tok imekwisha. Bawaba nimeifuta yote, hakuna mstari isipokuwa wangu wa kalamu, nao umetoka kwa spiriti.

---

Kapeto

Fundi, mimi nina ya kukunja pia, sikusema mwanzo. Yangu siti ndiyo inashuka. Dawa ni hii hii ya mkebe?

---

FundiSpoku

Na ulimwambia mwenzako anunue bodaboda. Fungua uzi wako, utaje bomba la siti ni la chuma au aluminiamu, upime kwa kadi kwanza. Huu wa dada umekwisha.